Dakika Ishirini na Tano za Kambakochi

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo na aproni mbili, moja ikiwa na tundu la moto ambalo sitaeleza lilitokeaje. Mkanipa kanga na saa ya ukutani, mkanipigia makofi, kisha mmoja wenu akasema, "Mama, utaondoka na mambo yote kichwani, tuandikie basi." Haya, naandika. Nilipandishwa cheo lini na nililipwa nini sitaandika, maana la kwanza halimsaidii mtu na la pili litawakatisha tamaa.

Nataka kuandika juu ya ule ubishi wenu. Kila sanduku la barafu likifika kutoka Tanga, na ndani yake akatokea kambakochi mkubwa kuliko wenzake, lazima mmoja wenu aseme, "Huyo mkubwa ni mpira, hata mbwa atamtema." Kwa wale ambao hawajafika pwani, kambakochi ni yule mnyama wa baharini mwenye gamba la miiba na masharubu marefu, nyama yake nyingi iko mkiani. Nimewasikia miaka yote mkisema hivyo nikakaa kimya. Ukweli ni kwamba maneno hayo yalizaliwa humu humu jikoni, na aliyeyazaa ni mimi. Na jambo la pili ambalo wengi wenu hamlijui: kambakochi sijawahi kumwonja hata siku moja.

Nilishuka kutoka kijijini Bombo, milimani, nikiwa na miaka kumi na tisa, sanduku la mbao mkononi na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji. Hoteli hii wakati huo ilikuwa ya shirika la umma. Mabasi yalisimama, wasafiri wakala wakaondoka, na maofisa waliokuja wilayani walilala hapa. Niliajiriwa kuosha vyombo. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, mfupi, mkimya, aliyekuwa amepika miaka mingi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge kabla ya kuletwa hapa Same. Nilimkuta ameinama anapuliza moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaweza kupika?"

"Naweza makande, mzee."

"Makande yanapikwa na moto, wewe unakaa tu. Unaonja?"

Nikamwambia sisi kwetu ni Wasabato. Nguruwe sili, kambare sili, na chochote cha majini kisicho na magamba na mapezi sikitii mdomoni hata kwa ncha ya kijiko. Nilidhani atanirudisha Bombo siku ile ile.

"Nguruwe na mimi sili, hapo tumeelewana," akasema. "Kambare na kamba nitaonja mimi. Vingine utaonja mwenyewe. Sasa kaoshe hayo masufuria, na usisugue lile jeusi kwa mchanga."

Nililisugua kwa mchanga. Lilikuwa sufuria lake la wali, na wiki nzima wali uliganda chini. Hakunigombeza, ila kila alipokwangua ukoko alinitazama.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki. Menyu yetu, iliyopigwa chapa vizuri na kuwekwa ndani ya plastiki, ilikuwa na vyakula kumi na viwili, na siku njema tulikuwa na vitatu. Mgeni aliisoma yote kwa heshima, akaikunja, kisha akauliza, "Kuna nini?" Mafuta ya kula yalitoka kwa kibali, sabuni kwa foleni, na unga ulikuwa ule wa njano ambao hata ukiusonga kwa mapenzi yote unanukia gunia. Kambakochi walikuja mara chache sana, wadogo wadogo, dereva fulani wa lori akipita kutoka Tanga na kutaka kubadilishana na vitunguu. Siku hizo mimi nilichuna na kuosha, Mzee akapika na kuonja.

Nyama tuliyoipata ilikuwa ya madume wazee, waliochoka kutembea, ambao wafugaji wa tambarare waliwaleta mnadani. Nyama ile huwezi kuichoma. Unaiweka asubuhi kabla ya chai kwenye sufuria zito, unafunika na majani ya mpapai, unaweka kuni za mgunga ambazo hazina haraka, na ikifika saa saba mchana inaanza kukubali. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliiweza. Wasafiri walimuuliza mhudumu nani amepika nyama hii, akaelekeza kidole jikoni, nami nikajifanya sijasikia huku nimesimama wima kama mnara. Bombo nilikuwa nimejifunza kwa mahindi makavu na maharage kwamba kitu kigumu kinataka moto mrefu. Same nikajifunza kwa ng'ombe kwamba kikubwa na kizee kinataka mrefu zaidi. Nilidhani hapo nimemaliza kujua.

Mzee Athumani alinifundisha kwa vitendo. Alinishika mkono akauweka juu ya mvuke ili nijue maji yanayochemka na maji yanayotaka kuchemka. Alinifundisha kusikiliza mafuta. Saa yake ya mkononi ilikuwa imekatika mkanda, akaitundika msumarini juu ya jiko, na kila alichokipika alikipima kwa saa kwanza, kisha kwa ulimi. "Saa inakwambia lini uonje," alisema. "Ulimi ndio unaokwambia utoe."

Halafu ulimi wake ukafa. Niligundua kwa chai. Mhudumu alichota chumvi badala ya sukari, kosa rahisi wakati ule kwa kuwa sukari tulikuwa tumeisahau sura yake. Mzee akanywa kikombe chote, akaweka chini, akashukuru. Mimi nilionja iliyobaki kwenye birika nikatema. Tulipokuwa tunaosha vyombo akasema bila kugeuka, "Umeona."

"Nimeona, mzee. Tangu lini?"

"Tangu ile homa iliyonilaza. Nasikia moto na baridi, basi. Ukimwambia mtu, nimekwisha. Nikitoka jikoni nitakwenda kufanya nini mimi? Kukaa barazani nihesabu kuku?"

Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo nilionja mimi, yeye akatia chumvi na viungo. Nikigonga mwiko mara moja kwenye ukingo wa sufuria, chumvi haijafika. Mara mbili, imekaa. Tulikwenda hivyo zaidi ya miaka miwili na hakuna mgeni aliyelalamika. Kambare na kamba hatukuwapata kipindi hicho, kwa hiyo hatukuwahi kujiuliza ingekuwaje.

Zikaja siku za ruksa. Maduka yakajaa ghafla, sabuni ikawa ya kuchagua, mabasi yakaongezeka na kila kona ya barabara ikafunguliwa mgahawa wenye viti vya plastiki. Shirika letu likashindwa. Tukaitwa uwani tukaambiwa hoteli inakodishwa kwa mtu binafsi, na yeye ndiye atakayechagua nani abaki na nani aende. Mtu huyo alikuwa Bwana Kiangi, aliyeanza na kiduka Hedaru akaishia na malori. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Alikuja siku ya Jumatano asubuhi na gunia bichi begani mwa dereva. Akalifungua juu ya meza yetu. Jamani. Nilikuwa nimeona kambakochi wa kukaa kwenye sahani. Huyu mwili wake ulikuwa na urefu wa mkono wangu toka bega mpaka vidole, masharubu yakining'inia nje ya meza, gamba limeota mpaka chokaa ya baharini. Alikuwa bado anatikisa miguu.

"Mzee," akasema Bwana Kiangi, "leo mchana nina wageni wawili ninaotaka kufanya nao biashara. Nimeambiwa umepika nyumba ya meneja. Nimeambiwa pia wakubwa namna hii ni wagumu, hawaliki. Leo nitajua kama nina mpishi au sina."

Mzee akauvuta mkia wa yule mnyama, akauachia. Ukajikunja kwa nguvu ukapiga meza. "Mzima huyu," akasema. "Ukubwa si tatizo, bwana. Tatizo ni mpishi kuuogopa."

Bwana Kiangi alipoondoka, Mzee akakaa juu ya kreti. Sijawahi kumwona akikaa saa za kazi.

"Namkunda," akaniita, "wa kimo hiki sijapika maisha yangu. Wale wengine nilichokoa kipande mkiani nikaonja, nikajua. Sasa nitajuaje?"

Ndipo tulipoona shimo tulilokuwa tumelikalia. Katika vyakula vyote vya dunia, vilikuwepo vichache ambavyo kati yetu hakuna ambaye angeweza kuvionja, na kimojawapo ndicho kilicholala mezani kikitikisa masharubu.

"Nitaonja mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mara moja tu, mzee. Mungu anaona."

"Mungu anaona, ndiyo maana nakataa," akasema. "Hujaonja miaka yote, hutaanza leo kwa ajili yangu. Tutakwenda na saa."

Akapima. Alichukua uzi, akauzungusha kwenye mkia pale ulipo mnene, akaukunja akauangalia. Akanieleza, na hili mliandike ukutani: joto haliingii kwa kilo, linaingia kwa unene. Mdogo wa kawaida ni dakika kumi. Huyu ana uzito wa wadogo kumi na tano hivi, lakini unene wake ni kama mara mbili na nusu. Basi dakika ishirini na tano, maji yenye chumvi kama ya bahari, yawe yanachemka polepole tu. Mkia akaufunga kwenye mwiko wa mbao ili usijikunje.

"Ishirini na tano?" nikasema. "Dude hili? Kuku wa kienyeji tu hazimtoshi."

"Huyu si kuku. Wala si dume la mnadani."

Zilipotimia akamtoa mwenyewe, amekuwa mwekundu, akamlaza kwenye sinia na kumfunika kitambaa kibichi. Alivuta sharubu moja likatoka bila kung'ang'ania, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati huo huo Bwana Kiangi akamwita mezani aje asalimie wageni, maana mmoja alikuwa mtu wa Tanga na alitaka kuongea na mtu wa kwao. Nikabaki peke yangu na sinia.

Nikafunua kitambaa. Nikachoma kwa kijiti chini ya mkia, pale palipo pana. Maji yakatoka, meupe mepesi. Kwangu mimi nyama inayotoa maji ni mbichi. Nikabonyeza kwa kidole ikarudi juu, laini. Nikamfikiria Mzee amesimama mbele ya watu wale na nyama mbichi kwenye sahani, mtu asiye na ulimi, na mimi niliyekuwa bingwa wa kuchemsha nimemwachia aaibike. Nilikuwa na uhakika. Nikamrudisha kamba sufuriani, nikasukuma kuni ndani.

Mtu wa Tanga akikutana na mtu wa Tanga hawaachani mapema. Zilipita kama dakika arobaini. Niliposikia ndala za Mzee kwenye korido nilimtoa kamba mbio nikamfunika kama alivyokuwa.

Mzee akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Bado wa moto hivi?"

"Ni mkubwa, mzee. Hapoi haraka."

Huo ndio uongo niliomwambia, neno kwa neno. Akaleta panga, akampasua kati kwa urefu. Nyama ilikuwa imejitenga na gamba, imekaza, imepungua. Aliitazama muda mrefu. Hakuwa na namna ya kuijua zaidi ya kuitazama. Akaweka siagi iliyoyeyushwa, ndimu na pilipili, na sahani zikaenda.

Nilisimama mlangoni na bakuli la wali nikawaona wakitafuna. Walitafuna kwa adabu, wakatafuna tena. Mgeni mmoja akahamisha tonge kutoka shavu moja kwenda jingine, akanywa maji. Bwana Kiangi akaweka uma chini akamwita Mzee.

"Si nilisema? Wakubwa hawaliki, ni mpira mtupu." Alikuwa anacheka. "Hapana, mzee, usiwe na wasiwasi, si kosa lako. Ndivyo walivyo. Kosa langu mimi niliyemnunua. Wewe utabaki, utanipikia wadogo."

Nilipumua. Nakumbuka bakuli lilikuwa linanichoma mikono na sikujali, maana lililokuwa limeniweka roho juu lilikuwa limepita.

Mzee akaweka mikono nyuma. "Hapana, bwana," akasema. "Kamba hana kosa. Nilimshika mzima, nyama yake ilikuwa nzuri kama ya mdogo yeyote. Amezidishwa moto, na aliyekuwa jikoni ni mimi. Mkono wangu umekwisha."

"Mzee, nimeshasema utabaki."

"Nimekusikia, bwana, na nakushukuru. Lakini ukimwambia mtu wakubwa hawaliki utakuwa unamsingizia mnyama wa watu."

Bwana Kiangi alikuwa na wageni, na mpishi wake mwenyewe alikuwa amesema mbele yao kwamba hawezi kupika. Angefanya nini? Mwisho wa mwezi Mzee Athumani aliondoka.

Mimi siku ile nilirudi jikoni na bakuli langu la wali. Niliogopa. Sina neno jingine, na nimelitafuta. Niliogopa kufukuzwa, nikaogopa zaidi Mzee ajue kwamba niliipuuza saa yake nyuma ya mgongo wake. Nilimsindikiza stendi nimembebea kapu. Basi lilipokuwa linapakia mizigo akasema, zaidi kwa nafsi yake, "Sijui nilikosea wapi. Ishirini na tano nilizihesabu mwenyewe. Labda na saa nayo imezeeka."

"Labda, mzee," nikasema.

Nikawekwa mimi jikoni. Na hapa ndipo maneno yenu yalipoanzia. Kila aliyeniuliza kambakochi mkubwa yukoje, nilijibu, "Mpira. Hata umpikeje." Niliwaambia wahudumu, niliwaambia madereva, niliwaambia mpaka wauzaji wa Tanga kwenye simu ya posta, wakawa wanatuletea wadogo tu. Nilihitaji iwe kweli. Kama mkubwa ni mgumu tangu baharini, basi dakika zangu arobaini hazikuharibu kitu, na Mzee aliondoka kwa bahati mbaya. Nami nisiyeonja sikuwa na namna ya kujua, na nilikuwa nashukuru kutojua.

Ulipita mwaka na kidogo. Siku moja sanduku likaja halina wadogo, mna mmoja tu, mkubwa kama yule au pungufu ya kidole. Bwana Kiangi alikuwa na watu mezani na alikuwa ameshaagiza. Sikuwa na cha kuweka. Nikachukua uzi nikaupima mkia, kwa sababu ndicho nilichofundishwa na sikujua kingine. Ishirini na tano. Zilipofika mikono ilitaka kumwacha, naapa, vidole vilikuwa vinawasha. Nikamtoa. Nikachoma kijiti, maji meupe yakatoka, nikaacha yatoke. Nikamkata vipande vidogo vidogo vya kufanana na vya wadogo, nikapeleka.

Nilisimama kwenye mlango ule ule. Hawakutafuna mara mbili. Mmoja alipangusa siagi kwa mkate mpaka sahani ikang'aa. Bwana Kiangi akaniita, akasema kwa wageni wake, "Mnaona? Hawa wadogo ndio wenyewe. Wakubwa mpira."

Nikarudi jikoni nikaleta lile gamba juu ya sinia, nikaliweka katikati ya meza. Alilitazama, akatazama sahani yake.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tano. Hesabu ya Mzee Athumani. Na yule wa mwaka jana naye zilikuwa hizo hizo, bwana. Mimi ndiye niliyemrudisha sufuriani Mzee alipokuja kuwasalimia."

Akakunja kitambaa cha mezani taratibu. "Hayo unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Nilipanda basi la Tanga siku iliyofuata. Nilimkuta nyumbani kwake amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, amekonda. Mkewe alinikaribisha akaniambia pembeni kwamba tangu arudi hajagusa jiko, hata chai anasubiri apikiwe. Nikamsalimia, nikapiga magoti pale pale kwenye maganda, nikamwambia yote: kitambaa, kijiti, kuni, na kwamba nilimdanganya alipouliza mbona bado wa moto. Nikamwambia na huyu wa pili, jinsi walivyokula.

Alinisikiliza kisu kikiwa kimesimama katikati ya muhogo. Nilikuwa nangoja anifukuze.

"Muda gani ulimrudisha?"

"Kama dakika arobaini, mzee."

"Arobaini," akasema. Kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jikoni, "Mama Zuhura! Njoo hapa usikie." Mkewe akaja anajifuta mikono. "Haya, Namkunda, sema tena. Anzia nilipomtoa."

Nikarudia. Nilipofika kwenye kumrudisha sufuriani akamgeukia mkewe. "Umesikia? Zilikuwa sawa. Ishirini na tano zilikuwa sawa." Jirani akapita kuazima kiberiti, Mzee akamwita naye, nikarudia mara ya tatu, mbele ya mtu nisiyemjua, magoti yangu yakiwa na maganda ya mihogo. Mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja dakika.

Chakula cha mchana alipika yeye. Kwa nini nilinyamaza mwaka mzima hakuniuliza, na jibu nililoliandaa njia nzima ndani ya basi nilirudi nalo Same.